KISIWANI HAKUNA BODABODA

  Wiki hii naomba tuziweke kando habari za nani kamwacha nani. Kuna swali linanifuata kila kona, sokoni, stesheni, mpaka kwenye foleni ya maji. Vijana wa huku kwetu Mpanda wanakwenda Dar kwa shughuli zao, wengine harusi, wengine msiba, wengine kufuata mzigo Kariakoo, na kila mmoja anataka achomoe siku moja akapunge upepo kwenye vile visiwa anavyovisikia. Basi wakiniona: "Dada, eti kwenda kisiwani inatosha shilingi ngapi?"

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza anarudi saa ngapi.

Siwacheki. Mimi mwenyewe Agosti ya mwaka jana nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisiwa, na katika daftari langu niliandika kila kitu: nauli, soda, samaki, mafuta ya ngozi, mpaka betri za redio. Kurudi sikukuandika. Nilidhani kurudi ni jambo linalojitokea lenyewe, kama kule kwetu unavyotoka Makanyagio usiku wa manane ukapunga mkono tu, bodaboda tatu zinagombea kukubeba.

Ilikuwa hivi. Binamu yangu alikuwa anaolewa Dar, maeneo ya Mbezi. Tukatoka Mpanda watu watano: mimi, shoga yangu, mchumba wa shoga yangu, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa kidato cha pili, na mama mdogo. Safari ya basi zaidi ya kilomita elfu moja, miguu imevimba kama mihogo. Harusi Jumamosi, kurudi Jumatatu alfajiri, kwa hiyo Jumapili ilikuwa yetu. Huyo mchumba wa shoga yangu tukambatiza jina la Kapteni, maana tangu tupite Tabora alikuwa anatueleza bahari utadhani alizaliwa ndani ya jahazi. Kumbe aliwahi kuishi Dar miezi minne, Mbagala, na bahari alikuwa anaipita akiwa ndani ya daladala.

Mama mdogo hakuwa kwenye orodha. Ni mtu mzima, goti lake la kulia halimpendi, na sisi tulikuwa tunataka kujirusha. Lakini Jumamosi usiku, harusi ikiwa imepamba moto, alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, nasikia kesho mnakwenda majini. Mimi mmeniweka upande gani?" Utamjibu nini mzazi? Nikasema, "Mama, nawe umo." Kapteni akanuna mpaka keki ikakatwa.

Hapa niwaambie kitu kuhusu huyu mama. Tunamjua kama muuza migebuka wa sokoni, lakini yeye ni wa Karema, amekulia mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wale wasiopajua, Karema iko magharibi ya Mpanda, kilomita mia na ushee, na ni mahali pa zamani kweli. Wabelgiji walijenga kituo chao pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi mapadri wa White Fathers. Ngome ilijengwa karibu na maji, halafu ziwa likajivuta taratibu, ngome ikabaki nchi kavu. Miaka ya karibuni tena ziwa limepanda likala nyumba za watu pwani. Mama mdogo husema maji hayana nyumba ya kudumu. Enzi za MV Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 na Waingereza wakaiopoa, bandari nyingi za mwambao hazikuwa na gati. Meli inasimama mbali, mitumbwi inakimbilia abiria, unashushwa na mizigo yako, kuku wako, na roho yako mkononi. Yeye ameshuka na kupanda hivyo tangu akiwa binti.

Na kaka yake alifia ziwani. Mtumbwi, magunia ya dagaa, watu waliozidi, upepo wa alasiri. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, lakini kwa jinsi tulivyokuwa tunawaza kuogelea na kupiga picha, halikunijia kichwani hata kidogo.

Sasa tuje kwenye visiwa vyenyewe, maana najua kuna wanaosoma kwa ajili hiyo tu. Kaskazini ya jiji, baharini, kuanzia mkabala wa Msasani kwenda Kunduchi, kuna visiwa vidogo vinne: Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini. Vyote vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na baada ya sheria ya mwaka 1994 vikawa chini ya kitengo cha serikali cha hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Maana yake kwako ni kwamba kuna kiingilio, na Mtanzania halipi sawa na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho usije ukaanza kubishana Kiswahili chako kina lafudhi ya wapi. Maana yake pia ni kwamba konokono, matumbawe na kila kinachong'aa kule chini hakiokotwi. Mdogo wangu alijaza mfuko wa kaptula, akautoa mbele ya mlinzi kimoja kimoja. Aibu tuliyoipata ilikuwa ya familia nzima.

Fungu Yasini usijisumbue, jina lenyewe linakwambia ni fungu, mchanga na jua. Pangavini ni kadogo, kingo zake jiwe la matumbawe, hakana pwani ya kulalia. Wanaokwenda kutembea huenda Bongoyo au Mbudya. Bongoyo boti zake huondokea Msasani, pale Slipway, na safari huchukua kama nusu saa. Ina mibuyu na vichochoro vya kutembea msituni, na kwa mtazamo wangu inawafaa wawili wanaotaka kuambizana mambo. Mbudya ni karibu zaidi na pwani yake. Unapanda daladala za Barabara ya Bagamoyo, unashuka Africana, bajaji mpaka ufukweni, na ukisimama pale kisiwa unakiona hiki hapa kama unaweza kukigusa. Kuna mchanga mweupe, vibanda vya makuti vya kukodi, samaki wa kukaanga na chipsi. Sisi tulichagua Mbudya kwa sababu ya ukaribu, na kwa sababu mdogo wangu alisoma mahali kwamba kuna kaa mkubwa wa ajabu anayepanda minazi. Ni kweli yupo, ni mkubwa kuliko wadudu wote wa jamii yake wanaoishi nchi kavu. Ila hakuna aliyemwambia mtoto kwamba huyo kaa hutoka usiku. Alizunguka vichakani mchana kutwa na kijiti, akarudi na miiba.

Magari hakuna. Si kwamba ni machache, hakuna. Hakuna barabara, hakuna pikipiki, hakuna hata baiskeli ya kukodi. Wale waliofika Lamu watasema ule mji nao unatembelewa kwa miguu na punda, lakini Lamu ina maduka, zahanati na mji mzima. Mbudya hakaliwi na mji. Ukisahau maji ya kunywa, huendi dukani. Ukivunja ndala, unatembea peku juu ya mchanga unaochoma. Ukiugua tumbo, usafiri ni ule ule wa boti, kama upo. Sisi watu wa Mpanda tumezoea kulalamikia vumbi na honi. Saa ya kwanza pale nilisikia mivinje inavuma na mawimbi, basi, nikasema kumbe kelele zote zile za mjini ni za magurudumu. Raha yake usiombe.

Lakini tulivyofika ilikuwa kasheshe. Daftari langu lilisema saa tatu asubuhi tuwe ufukweni. Baada ya harusi nani anaamka? Tumetoka Mbezi saa nne, tumefika majini saa tano kasoro, na bahari haipo. Nasema haipo! Ilikuwa siku za mwezi mpevu, bamvua, na Dar bamvua ikishika, maji hupwa sana kwenye saa nne na saa tano za asubuhi, halafu hujaa kwenye saa kumi na saa kumi na moja jioni. Boti ilikuwa kule mbali imeegemea, na sisi na mabegi yetu tukaanza kutembea ndani ya maji ya magoti. Kwenye ziwa letu maji hayana mchezo huu. Mama mdogo alisimama akaangalia ule mchanga mtupu uliolowa, akasema, "Haya maji yaliyoondoka yatarudi. Muulizeni mwenye boti yatarudi saa ngapi."

Hakuna aliyeuliza. Kapteni alikuwa anacheka. Vijana wawili wa pale wakafunga mikono yao kama kiti, wakambeba mama mdogo mpaka kwenye boti, kitenge kimepandishwa, mkononi kashika viatu vyake vya harusi. Picha hiyo ninayo na sitaichapisha, naogopa laana.

Kwenda kulikuwa kutamu. Dakika kumi na tano hivi, maji ya kijani, tuko watu tisa, kila mtu na boya lake kifuani. Tulipofika tu mama mdogo alifanya mambo mawili ambayo mwenyekiti wa kamati hakuyafanya. Alimuuliza nahodha boti ya mwisho ni saa ngapi, akaambiwa saa kumi na moja. Kisha akaenda moja kwa moja jikoni akaagiza samaki. Sisi tukasema mama, mbona mapema, njaa bado. Akakaa kimya. Sisi watatu wajanja tukaagiza yetu saa nane mchana wakati kisiwa kizima kinaagiza. Samaki wanakaangwa kwenye karai mbili, wateja zaidi ya sitini, unafikiri nini? Yeye alikula saa saba changu mzima na kachumbari, akajifuta mdomo, akalala chini ya banda. Sisi yetu ilikuja saa kumi na dakika ishirini, tukala kama tunafukuzwa. Wakati tunanawa nikaangalia ufukwe nikaona umebaki kipande. Yale maji yalikuwa yamerudi.

Na upepo. Agosti ni kusi, mnajua au hamjui? Mimi sikujua. Kusi hushika kuanzia kwenye Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, na asubuhi bahari inaweza kulala kama shuka, mchana upepo unapanda, alasiri ndio unakuwa na nguvu zake. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, kuna joto la kufa mtu. Ile katikati, Oktoba na Novemba, pepo zikibadilishana zamu, ndiyo bahari hutulia. Sisi tulichaguliwa mwezi na harusi, hatukuwa na la kufanya. Lakini tungeweza kuchagua saa.

Saa kumi na moja kasorobo watu wote wa kisiwa wakatelemka ufukweni kwa pamoja, maana kila mmoja alikuwa na wazo lile lile la kunyonya raha mpaka tone la mwisho. Familia na watoto, vijana wa chuo na spika yao, wapenzi, sisi. Boti zilizokuwa zinavusha asubuhi siku nzima, pale zilionekana mbili, moja ikawa ya kundi lililokuwa limekodi. Imebaki moja. Watu wakaanza kuingia. Inapigwa na mawimbi, inapanda na kushuka, vijana wameishika kwa kamba. Wameingia kumi na tano, wameingia ishirini. Maboya ya kujiokolea yakaisha, wengine wakaambiwa watoto wapakatwe. Kapteni akampandisha shoga yangu, akarusha mabegi, akamwita mdogo wangu. Mdogo wangu mguu mmoja ndani ya maji.

"Kaa hapo hapo," mama mdogo akasema. Hakupaza sauti. Mtoto akasimama.

Kapteni akasema, "Mama, panda, ni ya mwisho hii!"

Mama mdogo hakumjibu. Akamtazama kijana aliyeshika kamba. "Mwanangu, shikamoo yangu sitaki. Niambie tu, chombo chako kinachukua watu wangapi?"

Yule kijana akacheka kwa adabu. "Bibi, panda tu. Kila Jumapili tunavusha hivi hivi, hatujawahi kuzama."

"Aliyezama hayupo hapa akuhadithie."

Wasomaji wangu, kuna kimya kimoja kilipita pale ufukweni nitakikumbuka. Halafu watu wakaanza kelele. Mmoja akasema huyu bibi anatuchelewesha. Mwingine akasema mashamba haya, yanaogopa maji. Kapteni alikuwa amekaa, mishipa ya shingo imemtoka, anasema giza linaingia, anasema mama unatutia aibu. Na mimi, niwe mkweli, nilimwonea aibu pia. Dakika ile nilitamani apande tu yaishe. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, twende." Akautoa mkono wangu taratibu. Akasema, "Wewe ukitaka nenda. Mimi na mtoto tunasubiri. Kaka yangu naye aliambiwa ni wa mwisho."

Nikabaki.

Tulipobaki sisi, mama mmoja mwenye watoto wawili akashuka. Kisha vijana wanne wa chuo. Kisha mzee na mkewe. Nikahesabu, tuko kumi na wawili mchangani na ndani wamebaki kama kumi na sita. Nahodha akatukana kidogo upande wa baharini tusisikie vizuri, akasema basi mtasubiri, mafuta mtaongeza. Mama mdogo akasema tutaongeza. Boti ikaondoka. Shoga yangu alikuwa amekaa ukingoni upande wa upepo, ananitazama, na mimi namtazama.

Nani kati yenu amewahi kusimama nchi kavu akaangalia mtu wake yuko majini? Kutoka pale ufukwe wa bara unauona, majengo ya hoteli unayaona, lakini ile boti ilipopita kivuli cha kisiwa ikakutana na upepo wenyewe, ilikuwa inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea. Mdogo wangu alikuwa anahesabu kwa sauti kila inapopotea. Nilimwambia anyamaze. Mimi nilizaliwa baada ya MV Bukoba kuzama Mei 1996 na mamia ya watu, lakini MV Nyerere naikumbuka vizuri, Septemba 20, 2018, nilikuwa shule. Kivuko kilikuwa karibu kabisa na kufika Ukara, watu wa ufukweni wanakiona, na wakafa zaidi ya mia mbili na ishirini. Walikuwa wamezidi. Nilikumbuka redio iliyokuwa inasoma ile hesabu, kila taarifa ya habari imeongezeka. Pale mchangani ndipo nilipoelewa kwamba karibu si kitu. Dakika kumi na tano za maji ni maji.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye gogo, ameshikilia viatu vyake vya harusi, macho kwenye boti. Hakuomba kwa sauti. Hakusema neno lolote mpaka ikafika.

Ilifika. Nataka niseme wazi isije mtu akasema nimeandika kuwatisha watu: haikuzama, hakuna aliyeumia. Waliloa chapachapa, simu ya Kapteni ilikufa hapo hapo, shoga yangu alitapika wale samaki wa saa kumi. Ile boti ikageuza ikaja kutuchukua. Jua la Agosti Dar huzama saa kumi na mbili na robo na ushee, na sisi tulipanda mwanga ukiwa umebaki wa kusomea bango tu. Watu kumi na wawili, kila mmoja na boya, na nahodha yule yule aliyetukana alikuja kumshika mama mdogo mkono. Akampa nafasi ya katikati, pasiporuka maji. Njiani akamuuliza, "Bibi, wewe wa wapi?" Akajibu, "Karema." Yule kijana hakupajua. Mama mdogo akamweleza ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na kijana akawa anasema, "Acha masihara bibi." Mpaka tunafika walikuwa wanabishana kuhusu migebuka na vibua nani mtamu.

Sasa wale mnaouliza shilingi ngapi. Bei zinabadilika, sitaki mje mnitoe roho. Ila pesa yenu igaweni hivi: kabla ya samaki, kabla ya soda, wekeni kando pesa ya boti ya kurudi, na juu yake ongezeni kidogo ya kuweza kusema "hapana, tunasubiri." Sisi tulichangishana laki moja na nusu, na hiyo nyongeza ya mafuta ndiyo iliyotoka mfukoni mwa mama mdogo, maana kamati ilikuwa imeshakula kila kitu. Angalieni mwezi kabla hamjachagua siku. Mwezi mchanga na mwezi mpevu maji yanakwenda mbali na kurudi kwa nguvu, katikati yake maji ni mafu, mtapanda bila kulowa sana. Tokeni asubuhi kweli, si asubuhi ya watu wa harusi. Chakula kiagizwe mkiwa bado na mchanga wa kwanza miguuni. Na msirudi na boti ya mwisho. Rudini na ile ya kabla yake, mwache watu wanyonye tone lao.

Hilo la boya halina mjadala. Unalivaa kabla boti haijawashwa, na kama yamekwisha basi boti imejaa, hata kama benchi lina nafasi. Kwenye hili mtaonekana washamba. Sisi wa Katavi tumezoea, kule Sitalike tunawaambia wageni wasisogelee viboko wa mto Katuma na wao wanatuona waoga, mpaka kiboko anyanyue kichwa.

Kapteni hadi leo anadai ile boti ilikuwa na nafasi. Yeye na shoga yangu walinuniana kutoka Dar mpaka Tabora, basi zima likajua, kwa sababu alimuuliza swali moja tu: "Ulinipandisha mimi kwanza kwa kunipenda au kwa kuwahi?" Hajapata jibu la kueleweka. Mahari ilikuwa ipelekwe Desemba, ikasogezwa. Habari nyingine zikitokea mtazisoma hapa hapa.

Mama mdogo yupo sokoni na migebuka yake. Juzi nilipita nikamkuta anamsimulia mteja kisiwa, mchanga mweupe, samaki changu, upepo. Ile ya boti hakuisimulia. Aliponiona akaniita, akaniuliza kama kweli Oktoba bahari inatulia, nikamwambia ndivyo wanavyosema wenyewe wa pwani. Akafungua kitambaa kiunoni, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne, akanikabidhi.

"Hiyo ni ya kurudi," akasema. "Ya kwenda mtanichangia."